Malaria iliyofika kwenye figo: jibu kwa dada wa Kasulu

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, amerudi nyumbani Kasulu baada ya miaka sita ya kazi za mbao kule Njombe. Hata wiki tatu hazijaisha akashikwa na homa, kichwa na kutapika. Dukani walimpima presha wakasema iko sawa, wakamchoma sindano ya maumivu siku mbili mfululizo. Siku ya nne mkojo ukawa mweusi kama kahawa, halafu ukawa hautoki ila kidogo sana. Hospitali ya mkoa walisema ni malaria kali na imeingia kwenye figo, kreatinini 540. Walimchoma sindano za malaria, lakini dripu walimpa kwa kubana mpaka tukagombana na manesi. Tuliambiwa tujiandae kwenda hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ila mkojo ukarudi. Leo ni siku ya kumi na mbili, yuko nyumbani, kreatinini 210. Majirani wanasema sindano za malaria ndizo zilizoua figo, na wengine wanamwambia anywe maji lita tano kwa siku. Ugonjwa wa mbu unafikaje kwenye figo? Atakuwa mtu wa kusafishwa damu maisha yake yote? Na watoto wangu tunaoishi naye, nao wana hatari hiyo?

Jibu: Marahaba dada, na poleni sana kwa kuuguza. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa hayo uliyoeleza, simwoni mdogo wako akiwa mtu wa kusafishwa damu maisha yake yote. Kreatinini ni taka ya damu ambayo figo huitoa, ikipanda ujue figo hazifanyi kazi vizuri. Iliyoshuka kutoka 540 hadi 210 (nadhani ni maikromoli kwa lita), na mkojo uliorudi bila mashine, ni dalili za figo zilizoumia vibaya na sasa zinapona. Mwanaume wa umri wake kwa kawaida huwa kati ya 60 na 110 hivi, kwa hiyo bado ana mwendo, na kuna mambo ya kuangalia wiki hizi ambayo nitayafikia. Lakini ngoja kwanza nikueleze malaria inafikaje huko. Ukishalielewa hilo utajua kwa nini manesi walibana dripu, na kwa nini sindano inayolaumiwa na majirani haina kosa.

Tumezoea kuiita malaria ugonjwa wa homa. Homa ndiyo tunayoihisi, lakini madhara yenyewe yanatokea ndani ya mishipa ya damu, hasa ile midogo kabisa ambayo jicho haliioni. Mbu jike wa anofelesi akishauma, vimelea hukimbilia kwenye ini na kukaa huko kama wiki moja bila mgonjwa kuhisi lolote. Vikitoka huingia kwenye chembe nyekundu za damu. Aina inayoitwa Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo inayoleta karibu malaria yote kali hapa kwetu, humaliza mzunguko wake ndani ya chembe hiyo kwa saa 48 hivi. Kimelea kinaingia, kinakula hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kinazaliana, kisha chembe inapasuka na kumwaga vimelea vipya 16, wakati mwingine hata 32, kila kimoja kikitafuta chembe yake. Piga hesabu ya siku sita za namna hiyo.

Siku ukipata nafasi ya kuchungulia kwenye hadubini ya maabara, mwombe fundi akuonyeshe slaidi ya mgonjwa wa malaria. Utaona ndani ya chembe za damu vipete vidogo vya bluu vyenye nukta nyekundu. Hivyo ni vimelea vichanga. Vilivyokomaa, vyenye punje za rangi nyeusi ndani yake, huvioni au unaona vichache mno. Havikufa. Kimelea kikifika kama nusu ya umri wake hutengeneza protini na kuzitokeza juu ya chembe kama vinundu, na kwa vinundu hivyo chembe hung'ang'ania ukuta wa mshipa kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Hufanya hivyo kukwepa bandama, maana bandama ndiyo inayochuja chembe mbovu na kuziondoa kwenye damu.

Hapo kuna jambo ambalo natamani kila familia ya Kigoma na Tabora ilijue. Damu inayochukuliwa kwenye kidole inaonyesha vile vimelea vinavyozunguka tu. Vilivyojificha kwenye mishipa ya ubongo, utumbo, mapafu na figo havimo kwenye slaidi. Mgonjwa anaweza kuambiwa ana malaria ya plasi moja, yaani vimelea vichache kwenye slaidi, ndugu wakapumua, kumbe sehemu kubwa ya vimelea imenasa ndani. Ukali wa malaria hausomwi kwenye idadi ya plasi peke yake. Tunamsoma mgonjwa mwenyewe: anaongea sawasawa? Anahema kwa nguvu? Anaweza kukaa bila kuegemea? Anakojoa?

Turudi kwenye mshipa. Chembe nyekundu ina upana wa kama maikromita 7 au 8, na kapilari, yaani ile mishipa midogo kabisa, nyingi ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo chembe yenye afya hujikunja ili ipite. Yenye kimelea inakuwa ngumu, haijikunji. Hata chembe ambazo hazijaingiwa hupoteza ulaini wake wakati wa malaria kali, na nyingine hukusanyika kuizunguka ile yenye kimelea, zikawa fungu. Damu inapita kwa shida, sehemu nyingine haipiti kabisa. Nyama ya mwili iliyokosa hewa ya oksijeni huanza kutengeneza asidi, na ndiyo unamwona mgonjwa anahema kwa kina na kwa haraka ingawa kifua chake ni kizima.

Sasa utaelewa kwa nini presha ya dukani iliwapoteza. Kipimo cha mkononi kinapima nguvu ya damu kwenye mshipa mkubwa wa mkono. Katika malaria kali, presha hiyo mara nyingi inabaki ya kawaida kabisa huku mishipa midogo ikiwa imeziba. Presha ikishuka sana kwa mgonjwa wa malaria, sisi huwa tunashuku kwamba kuna na bakteria kwenye damu, na tunaanza dawa zake bila kusubiri. Kwa hiyo presha ya 110/70 haimwambii mtu yeyote kwamba malaria hii ni nyepesi.

Figo zinaingiaje? Figo mbili za mtu mzima zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini hupokea kama moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani lita moja hivi kila dakika. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Kwa siku huchuja kama lita 180 za majimaji, halafu mirija yake myembamba inarudisha karibu yote kwenye damu, na sisi tunakojoa lita moja au mbili. Kazi ya kurudisha ni nzito, inakula oksijeni nyingi, na sehemu ya ndani ya figo hata mtu akiwa mzima huishi kwa oksijeni ya kubana. Mtiririko wa damu ukipungua, mirija hiyo ndiyo inayoumia mwanzo.

Kwa mdogo wako, naona mambo manne yaliungana. La kwanza ni hilo la chembe kunasa na kubana njia. Kwenye figo lipo, ingawa mara nyingi si zito kama lilivyo kwenye ubongo. La pili ni upungufu wa maji: homa, jasho, kutapika na siku kadhaa bila kula. Lakini la tatu ndilo lililogeuza mkojo kuwa kahawa, na hilo nataka kulikalia kidogo.

Chembe nyekundu nyingi zilipasuka kwa mpigo, zenye vimelea na hata zisizokuwa navyo. Hemoglobini iliyokuwa ndani yake ikamwagika kwenye maji ya damu. Mwili una protini maalumu ya kuizoa, ila kiasi chake kina mwisho, na kikiisha hemoglobini inabaki huru. Ikiwa huru ina madhara mawili. Ukuta wa mshipa hutengeneza hewa iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kuulegeza mshipa ili upanuke. Hemoglobini iliyo huru huinyonya hewa hiyo, mshipa ukabana, pamoja na mishipa ya figo. Kisha hemoglobini yenyewe huchujwa na kuingia kwenye mirija ya figo. Humo huganda na kuiziba, na madini ya chuma yaliyomo huchoma seli za mirija. Ile rangi ya kahawa uliyoiona kwenye kopo ilikuwa hemoglobini inayopita.

Maabara huitambua kwa njia rahisi. Kijiti cha kupimia mkojo hubadilika rangi na kusema kuna damu, lakini fundi akiuweka mkojo huohuo kwenye hadubini haoni chembe nyekundu, au anaona chache sana. Hapo anajua kwamba ni hemoglobini tupu, haijatoka kwenye jeraha la njia ya mkojo. Nimeona mara nyingi wagonjwa wa namna hii wakitibiwa U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu tu kijiti kilisema damu, na siku zikapotea.

Homa hii ya mkojo mweusi ina historia ndefu. Iliwaua Wazungu wengi waliokuja Afrika enzi za ukoloni. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliichunguza alipokuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 na kuilaumu kwinini. Hakukosa moja kwa moja: ilionekana hasa kwa watu waliokuwa wakimeza kwinini kwa kurukaruka, leo wanameza, kesho wanaacha. Leo tunajua pia kwamba wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambao chembe zao hupasuka kirahisi wakipata malaria au baadhi ya dawa. Upungufu huo ni wa kawaida kwetu, na wanaume huonyesha madhara yake zaidi. Mdogo wako anastahili kupimwa. Msipime wiki hizi, maana chembe changa zinazotengenezwa baada ya zile kupasuka zina kimeng'enya kingi na zinaweza kulificha tatizo. Subirini kama miezi mitatu.

La nne ni ile sindano ya maumivu. Hukuitaja jina, lakini huku kwetu inayochomwa sana ni diklofenaki, na kama ndiyo hiyo basi ilichangia. Figo inapopungukiwa damu hujitetea kwa kutoa kemikali zinazouweka wazi mlango wa mshipa unaoingia kwenye kila kichujio. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huzuia kemikali hizo. Kwa kijana mzima aliyeteguka mguu haina shida kubwa. Kwa mtu mwenye homa, anayetapika, aliyekauka maji, unakuwa umemfungia mlango wakati damu ndiyo inatafutwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu linaepukika: mgonjwa wa homa ambaye hajapimwa malaria asichomwe diklofenaki. Parasetamoli kwa dozi yake inatosha. Dawa za kienyeji zinazochemshwa na kunywewa kwa vikombe vikubwa nazo naziogopa kwa mtu aliye katika hali hiyo, hata zile ambazo bibi zetu wamezitumia miaka yote, kwa kuwa figo iliyobanwa haiwezi kuzitoa.

Sindano za malaria zenyewe, dada, ndizo zilizomwokoa. Nadhani zilikuwa za artesuneti, maana ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali nchini. Huchomwa mgonjwa anapofika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa mseto na kuimaliza dozi yote ya siku tatu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inaua hata vimelea vichanga, vile vipete, kabla havijafika umri wa kunasa kwenye mishipa. Kwinini haina nguvu hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba waliopewa artesuneti walikufa 8.5 kati ya kila 100, na waliopewa kwinini 10.9. Artesuneti haihitaji hata kupunguzwa dozi figo zikiwa zimeshindwa, wakati kwinini inabidi ipunguzwe baada ya siku mbili. Kreatinini yake ilikuwa 540 siku aliyofika, kabla sindano hizo hazijaanza. Waambie majirani hivyo.

Kuhusu dripu, naelewa mlivyoumia. Mtu hakojoi, mdomo umekauka, na nesi anahesabu matone. Lakini maji hayabandui chembe zilizonasa kwenye ukuta wa mshipa. Zinaachia vimelea vikishakufa. Ukimjaza maji mgonjwa ambaye figo zake hazitoi, maji yanaenda kwenye mapafu, na mapafu ya mtu mzima mwenye malaria kali huvuja kirahisi. Mgonjwa aliyefika na figo mbovu anaweza kufa kwa kukosa pumzi siku ya pili. Kwa watoto tulipata somo zito mwaka 2011, pale utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania ulipoonyesha kwamba watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi, kama 10.6 kati ya 100, kuliko wale waliopewa taratibu, 7.3. Kabla ya hapo wengi wetu tuliamini kinyume. Wale manesi mliogombana nao walikuwa wanamlinda. Mkipita tena hospitali, wasalimieni.

Sasa tuje nyumbani, na hizo lita tano. Asizinywe. Wiki hizi chukueni chupa ya maji ya lita moja na nusu, iwekeni chooni, akojolee humo kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 asubuhi ya kesho yake, mkiandika kila chupa inapojaa. Kama anatoa lita moja na nusu hadi mbili, anywe kwa kiu yake na kuongeza kidogo siku za jua kali. Kama mkojo bado ni mdogo, anywe kiasi alichotoa jana na kuongeza nusu lita, basi. Ukishuka chini ya nusu lita kwa siku nzima, rudini hospitali siku hiyohiyo. Na kuna kinyume chake: figo zinapopona, mirija inakuwa bado haijajifunza kurudisha maji, na mtu anaweza kukojoa lita tatu au nne kwa siku. Huyo anahitaji kunywa zaidi, la sivyo anakauka na figo zinaumia mara ya pili. Ndiyo maana nang'ang'ania chupa, maana bila kipimo mtakuwa mnabahatisha.

Chakula sina masharti mengi. Ugali wa muhogo au wa mahindi, samaki mgebuka wa kuchemsha, mboga, ale. Apunguze chumvi na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Ndizi, parachichi na maharage vina madini ya potasiamu, ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa na yakizidi husumbua moyo. Ale kiasi mpaka kreatinini ishuke zaidi, asivikate kabisa. Dawa yoyote ya dukani, hata ya mafua, aulize kwanza na kusema kwamba figo zake ziliumia.

Lile jambo ninalotaka mlikazie macho zaidi ni hili. Kuanzia wiki moja hadi wiki nne baada ya artesuneti, baadhi ya wagonjwa hupata kupasuka kwa chembe nyekundu mara ya pili. Vimelea vimeshakufa, zinazopasuka ni chembe zilizowahi kuwa navyo, bandama ikatoa kimelea kilichokufa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko, ila ikiwa na maisha mafupi. Mdogo wako yuko katikati ya kipindi hicho sasa hivi. Akipauka viganja, macho yakawa ya njano, moyo ukaenda mbio akipanda kilima kidogo tu, au mkojo ukarudi kuwa mweusi, msisubiri tarehe ya kliniki. Hata asipokuwa na dalili, apimwe hemoglobini wiki hii na tena akifikisha siku ya 28. Hii si sababu ya kuiogopa sindano. Hupita, mara chache ikahitaji kuongezewa damu, na inahitaji mtu anayeangalia. Angalizo jingine: akipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, kinaweza kuendelea kusema ana malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Akipata homa tena, waombe slaidi.

Kwa figo, seli za mirija zina uwezo wa kuota upya, na kwa malaria kazi hiyo huchukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Hata wale wanaowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sababu ya malaria, wengi hukaa nayo siku au wiki chache tu, kisha figo zao huamka. Tunahesabu siku 90. Kreatinini ikirudi kawaida kabla ya hapo, vizuri. Ikibaki juu, tunasema sasa ni tatizo la muda mrefu na tunalifuatilia hivyo. Wanaobaki na kovu mara nyingi ni wale waliokuwa tayari na presha au kisukari, au waliochelewa sana. Yeye ni kijana, na mkojo ulirudi mapema. Nina matumaini naye.

Huenda unajiuliza kwa nini yeye, mzaliwa wa Kasulu, wakati wewe malaria inakupita kama mafua. Watu wa huku tunaumwa malaria tangu utotoni, na mwili unajenga kinga fulani. Haizuii vimelea kuingia, inazuia visizidi. Utafiti wa kitaifa wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, watoto wa chini ya miaka mitano kama 24 kati ya 100 wakiwa na vimelea kwenye damu. Ule wa 2022 ukaikuta Tabora mbele kwa 23 hivi, wakati wastani wa taifa ulikuwa 8. Njombe, na baridi yake, malaria ni nadra sana. Kinga hiyo isipochokozwa hupungua, na baada ya miaka sita mdogo wako alirudi nyumbani akiwa karibu sawa na mgeni. Nawaona wengi wa namna hii: wanafunzi wa bweni wanaorudi likizo, vijana waliotoka kwenye kazi za nyanda za juu, wanajeshi. Anayerejea huku alale ndani ya chandarua usiku wa kwanza kabisa, na homa yoyote apimwe siku hiyohiyo, asiseme mimi ni mtoto wa hapa.

Watoto wako hawaambukizwi naye, wala figo zake hazina cha kuwapa. Hatari yao ni ya mbu, kama ya watoto wote wa Kasulu. Zamani sisi madaktari tulifundishwa kwamba malaria ya figo ni ya watu wazima, na kwamba watoto wa Kiafrika hupata degedege na upungufu wa damu tu. Tafiti za karibuni, hasa za Uganda, zimeonyesha kwamba figo za watoto wenye malaria kali huumia mara nyingi kuliko tulivyodhani. Tulikuwa hatupimi kreatinini zao. Mtoto mwenye homa ambaye nepi au nguo yake imekaa kavu tangu asubuhi mpaka jioni, au anayekojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, apelekwe hospitali bila kupitia dukani. Upo pia uvimbe wa uso na miguu unaokuja polepole kwa mtoto, bila homa kali, ambao aina nyingine ya malaria, ile ya Plasmodium malariae ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72, imewahi kuhusishwa nao. Huo ni ugonjwa wa vichujio vyenyewe, protini inavuja kwenye mkojo, na matibabu yake ni tofauti. Mkiona macho ya mtoto yamevimba kila asubuhi, mkojo wake upimwe protini.

Mdogo wako akifikisha siku ya 28, mwombe daktari wake vipimo vinne: kreatinini, hemoglobini, presha, na protini kwenye mkojo. Niandikie majibu hayo pamoja na yale ya siku aliyolazwa, ukiandika na kizio cha kila namba kama kilivyo kwenye karatasi, maana maabara nyingine hutoa kreatinini kwa miligramu na nyingine kwa maikromoli. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama yuko tayari kurudi kwenye kazi ya kubeba mbao au akae kwanza.